Kidonda cha kidari: kufunika mapema au kusubiri?

Jirani yetu mmoja wa Mkoani, Pemba, alikuwa haachi mto wake. Kila kikohozi kilipomjia aliukumbatia kwa mikono miwili, asije akasikia mfupa wa kifua unasagana. Alikwenda Bara kubadilishwa vali ya moyo. Mfupa wa kidari ukapasuliwa katikati, ukafungwa kwa waya, kisha ukaingia usaha. Muuguzi alimvuta shashi ndefu kutoka kifuani, ikatoka nyevu, rangi ya chai ya rangi, akaingiza nyingine. Moyo wenyewe ulikuwa unapiga chini ya shimo lile.

Ndugu zake waligawanyika. Wengine walitaka aendelee kusafishwa mpaka kidonda kijifunge. Wengine walimuunga mkono daktari, aliyetaka kuukata msuli wa kifua na kuugeuza kuja kuziba shimo.

Maambukizi ya aina hii huwapata watu 1 hadi 5 katika kila 100 wanaopasuliwa kidari, na zaidi wenye kisukari, wanene na wavuta sigara. Ubaya wake ni kwamba mfupa uliooza haupati damu ya kutosha, na dawa husafiri ndani ya damu. Unaweza kummiminia mgonjwa antibiotiki mwezi mzima zisifike panapotakiwa. Mwaka 1980 daktari Jurkiewicz na wenzake wa Atlanta, Marekani, walionesha kwamba ukiondoa mfupa uliokufa na kuleta msuli hai, wagonjwa wengi hupona. Msuli huo haung'olewi. Hubaki umeshikana na mshipa wake wa damu, kama tawi lililopindwa bila kuvunjwa. Ncha ya chini ya kidari isipofikiwa na msuli, daktari huweza kupandisha ule utando wa mafuta unaofunika matumbo: una damu tele na hujaza kila pembe. Ila hapo tumbo nalo limefunguliwa, na ngiri inaweza kufuata.

Wanaosema tusubiri wana hoja nzito. Ukifunika kabla mfupa mbovu haujakwisha, umefungia adui ndani. Usaha hujitafutia tundu baada ya miezi. Moyo uliotoka kutengenezwa haupendi nusu kaputi nyingine ya saa nyingi. Damu ikijikusanya chini ya msuli na mgonjwa amesharudi Pemba, nani wa kumfungua usiku?

Ndipo wanapoitaja mashine ya kufyonza uchafu, inayowekwa sponji kidondani na kubadilishwa kila baada ya siku mbili tatu. Ni chombo kizuri, nimeona kidonda kikiwa chekundu safi baada yake, ingawa mara chache sana huweza kuchana moyo wenyewe uliogandamana na mfupa. Lakini inataka umeme. Sisi umeme wetu unapita chini ya bahari, na Unguja haijasahau miezi mitatu ya giza kuanzia Disemba 2009. Betri ya mashine haivuki mwezi.

Kwangu mimi kusubiri kuna thamani mpaka kidonda kisafike tu, siku au wiki chache, na mgonjwa akiwa palepale Bara. Kumrudisha kisiwani na kifua wazi, apande boti Mkoani kwenda Unguja, halafu Dar es Salaam, kila anapotakiwa kuangaliwa, ni kumchosha yeye na kuikamua familia yake mpaka tone la mwisho. Naogopa zaidi ile hali ya mtu kuzoea kidonda, akaacha kukifuatilia, kuliko naogopa kisu.

Jambo linalonikera ni kwamba kazi ya mgonjwa haiulizwi. Msuli wa kifua husaidia kuvuta kasia, ndio unaomkumbatisha mkwezi na mnazi. Kuugeuza hakumlemazi mtu, ila mkono hupungua nguvu ya kuvuta kuja kifuani. Mwenye kuketi dukani hataihisi sana tofauti hiyo; mvuvi wa ngalawa ataihisi.

Jirani yetu ni mchumaji karafuu. Kabla hajalazwa usingizi daktari alimuuliza hujishikilia tawi kwa mkono gani, akanyanyua wa kulia. Ukachukuliwa msuli wa kushoto.