Miti Inayokata Vyuma

Jana umeme umerudi saa tano usiku, na fundi wa kuchomelea karudi nao. Tulifaidi feni dakika mbili tu, mara mashine ya kukatia vyuma: zzziiii! Glasi kabatini zikaanza kusalimiana. Mama Zawadi akaniangalia lile jicho la "wewe si ndiye mwanaume humu ndani?"

Asubuhi nikavaa suruali ya kitambaa. Mjumbe akanishauri pamba masikioni. Mwenyekiti wa mtaa akasema atalishughulikia, ila kitanda chake bado kiko kwa fundi huyohuyo.

Nikaenda mipango miji. Kijana mmoja mpole akakunjua ramani kubwa kama shuka, akaikandamiza kwa kikombe cha chai.

"Mzee, hapa ni makazi. Viwanda vidogo viko huku. Katikati kuna miti."

"Hapo katikati ndipo alipo fundi."

"Hapana, mzee. Hapo kuna miti." Akagonga ile rangi ya kijani kwa kalamu.

"Basi hiyo miti inakata vyuma usiku."

Akacheka kwa adabu, akanipa darasa. Kanuni za kelele za 2015 zina kiwango cha mchana na cha usiku. Shirika la Afya Duniani linataka chumba cha kulala kisizidi desibeli 30. Umbali ukiongezeka maradufu, kelele inapungua kama desibeli 6, ndiyo maana karakana hutengwa na nyumba tangu kwenye ramani. Nikapiga hesabu. Kitanda changu kiko mita 8 kutoka kwa fundi. Nikikipeleka mita 16, nalala jikoni kwa Mama Shukuru. Mita 32, niko msikitini, mbele ya mimbari.

"Sasa tunafanyaje?"

"Andika barua, tuje tukague miti."

Miti! Macho yangu mekundu kama pilipili, mtu anataka kukagua mwarobaini wa kwenye karatasi! Na kodi ya jengo nakatwa kila mwezi kwenye luku, nikinunua umeme uleule unaomwamsha fundi!

Nafika mlangoni, kijana ananiita. "Mzee, huyo fundi, geti la futi kumi anafanya shilingi ngapi?"

Nikampa namba. Ningefanyaje? Jamaa kazi anaijua, hata geti langu kalitengeneza yeye. Ila bawaba ya chini inalia, inataka grisi. Sasa hiyo grisi, kile kikopo kidogo, mmekiona bei yake siku hizi?