Chasisi ya pikapu iliyoshushwa: ijengwe nyumbani au inunuliwe?

Jirani yangu hapa Houston, Mkenya wa Mombasa, ana Chevrolet C10 ya 1978, ile pikapu ya Marekani yenye uso wa mraba. Tangu mwaka jana gari limefumuliwa. Kabini imekaa juu ya magogo, injini iko kwenye stendi yake, na katikati ya gereji ya nyumbani kuna chasisi mpya, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, anayoijenga mwenyewe kwa mabomba ya mstatili ya sentimita 5 kwa 10. Anataka akiegesha atoe upepo kwenye springi za hewa, pikapu ishuke mpaka chasisi ilale juu ya lami. Shemeji yake, ambaye naye ni fundi, amemwambia mbele yangu kwamba chasisi si kazi ya nyumbani: anunue iliyotengenezwa na kampuni, au airudishe ya zamani. Mimi kabla ya kuhamia huku nilichomelea chasisi za Canter na Fuso pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa miaka tisa, kwa hiyo kila mmoja ananivutia kwake. Suala hili nimelibeba moyoni muda mrefu, kwa sababu wote wawili wana hoja.

Kushusha pikapu kidogo hakuhitaji kugusa chasisi. Mbele unafunga stabu ekseli, vile vipande vinavyobeba gurudumu, ambazo gurudumu limepandishwa kama sentimita 5. Nyuma, ekseli ambayo kiwandani imekaa chini ya springi unaihamishia juu yake. Ukizidi hapo, ekseli inaanza kugonga chasisi kila ukipita kwenye tuta, na ndipo watu wanapokata nusu duara juu ya ekseli na kuzungushia bamba zito. Anayetaka gari lilale kabisa hukata chasisi nyuma ya kabini na kujenga nusu ya nyuma upya, ikiruka juu ya ekseli kama daraja. Jirani yangu amevuka hata hapo, ameijenga yote.

Nianze na shemeji, maana hoja yake ndiyo nzito. Chasisi ya C10 ni reli mbili za chuma kilichokunjwa mfano wa herufi C, zimeshikwa na ribiti. Umbo hilo lina tabia yake. Chukua bomba la karatasi linalobaki tishu ikiisha, ulikamue kama nguo: linagoma. Lipasue kwa mkasi urefu wote, ulikamue tena: linapinda bila ubishi. Reli iliyo wazi upande mmoja ni hilo bomba lililopasuliwa. Inajinyonga kidogo gurudumu moja likipanda jiwe, na ribiti na maungio vilipangwa kuvumilia mnyongo huo. Ukiziba reli, au ukijenga kwa bomba, chasisi inakuwa ngumu zaidi, lakini nguvu ya barabara haijaondoka. Inatafuta pa kutokea: kwenye maungio ya krosimemba (vyuma vinavyokatiza kati ya reli mbili), kwenye vishikizo vya kabini, na pale welding inapoishia.

Hilo nililiona kwa macho yangu. Canter moja ya mchanga tuliyoirefusha ilirudi baada ya miezi minne. Mshono wenyewe ulikuwa mzima kabisa. Ufa ulianzia milimita chache pembeni yake, kwenye ukingo wa chini wa reli, pale bamba la kuongezea nguvu lilipokatwa wima kama mlango, kisha ukapanda ubavuni kwa urefu wa kidole. Bamba hutakiwa liishie kwa mshazari, mfano wa ncha ya mkuki, ili ugumu uongezeke pole pole na usianze wote mahali pamoja. Aliyechomelea alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Kosa lilikuwa la umbo, na umbo huwezi kulirekebisha kwa kuongeza rodi za welding.

Kuna pia jambo la mashine. Soketi za kawaida kwenye nyumba za Marekani ni za volti 120, na mashine ndogo za MIG, zile za kuchomelea kwa waya unaojisukuma wenyewe, zinazochomekwa hapo zinatosha kwa chuma cha milimita 3 hivi. Mabomba ya jirani yana unene unaokaribia milimita 5. Mashine dhaifu kwenye chuma kinene hutoa mshono unaovutia, umepangika kama magamba ya samaki, ilhali chuma cha chini hakijayeyuka. Umelala juu tu. Mwenye rodi huona mapema kazi inapoharibika, kwa sababu rodi hunata na kutema. MIG hudanganya kimya kimya.

Sasa upande wa jirani. Chasisi kamili ya C10 yenye magurudumu, kutoka kampuni za huku, inapita dola 10,000 kwa urahisi, na si kila kampuni itakayokuonyesha ilipimaje kazi yake. Yeye amenunua mabomba, ametengeneza meza ya chuma iliyosawazishwa kwa pima maji, na hachomelei pointi hata moja kabla ya kupima kona kwa kona. Nilishika ncha ya pili ya futi siku moja: mshazari wa kulia na wa kushoto ulipishana kwa milimita 2. Gerezani tulikuwa tunaachia magari yaliyopishana zaidi ya hapo. Tena anachomelea vipande vifupi vifupi kwa kuruka, huku na kule, ili joto lisivute reli.

Kilichonisogeza upande wake zaidi ni uamuzi wake wa mbele. Mikono inayoshika magurudumu na koili vya C10 vimefungwa kwenye krosimemba moja ambayo hutoka nzima, na boksi la stelingi limefungwa kwenye reli. Vyote amevitoa na kuvihamishia kwenye chasisi mpya, kwa vipimo vile vile. Wajenzi wengi wa nyumbani huharibu hapa: wanabuni mbele yao wenyewe, taidrodi (fimbo ya stelingi inayogeuza gurudumu) na mikono vinazunguka kwa duara zisizolingana, na gari linajikata kona lenyewe likipita kwenye shimo. Yeye hesabu hiyo kawaachia waliokwisha kuimaliza kiwandani. Hata hivyo hoja yake isipelekwe kwenye pikapu mpya. Chuma cha 1978 ni laini na husamehe moto. Chasisi nyingi za siku hizi ni za chuma cha nguvu kubwa, ambacho kikipata joto la welding hupoteza sehemu ya nguvu hiyo pembeni mwa mshono.

Kuhusu sheria, mtu angetegemea serikali iwaamulie. Huku haiwaamulii. Sheria ya shirikisho inayokataza kuharibu vifaa vya usalama vya gari inawabana watengenezaji, wauzaji na gereji za biashara. Mwenye gari anayefanya kwa mikono yake haimgusi. Texas imefuta ukaguzi wa usalama kwa magari yasiyo ya biashara tangu Januari 1, 2025. California ilikuwa na sheria tangu 1958 iliyokataza sehemu yoyote ya gari lililobadilishwa isishuke chini ya rimu, nayo imeondolewa kuanzia 2024. Waliopigania ifutwe walikuwa na haki, kwa sababu ilitumika miaka mingi kuwasumbua vijana wa Kimeksiko na magari yao yaliyoshushwa. Lakini ndani yake mlikuwa na kipimo ambacho kila mjenzi anapaswa kukifanya mwenyewe: vuta uzi kutoka chini ya rimu moja hadi nyingine, uone kama kuna bomba la breki, la mafuta au taidrodi chini ya uzi. Tairi likipasuka na springi ya hewa ikafyatuka kwa mwendo wa kilomita 110, kilicho chini ya uzi ndicho kitakachogusa barabara. Ujerumani mkaguzi wa TÜV, taasisi zinazokagua magari, angeuliza swali hilo kabla gari halijatoka nje. Hapa hakuna wa kuuliza.

Ndiyo maana naona shemeji yuko sahihi kuhusu hatari, lakini kakosea mahali ilipo. Ukiwa na mashine inayofaa, kiwanda hakikushindi kwa moto wala kwa futi. Kinakushinda kwa mtu wa pili, yule ambaye hakujenga, hana mapenzi na gari, na ana ruhusa ya kusema hapana. Mjenzi wa nyumbani asiye na mtu huyo namshauri aache. Jirani anaye, anakula naye chakula cha jioni, ila alikuwa anamwona kama mpinzani.

Jumamosi iliyopita nilimwomba shemeji aje na mambo ya welding tu, bila maneno ya jumla. Akamtaka jirani achomelee vipande viwili vya bomba lile lile, kwa mashine ile ile, kwa mpangilio ule ule aliotumia kwenye chasisi. Mshono ulitoka mzuri. Akaubana kwenye jiliwa na kuugonga kwa nyundo nzito kutoka nyuma. Pigo la tatu ukafunguka kama bahasha. Ndani, upande mmoja wa chuma ulikuwa bado na mikwaruzo ya grainda, haukuwa umeyeyuka hata kidogo.

"Shemeji, hii imekaa juu tu. Haijaingia."

Jirani alikigeuza kile kipande mkononi kwa muda bila kusema kitu. Kisha akavuta waya wa mashine mpaka chumba cha kufulia, kwenye soketi ya volti 240 ya mashine ya kukaushia nguo, akabadilisha mpangilio, akachomelea kipande kingine. Hicho kilipinda hadi kikakunjika, mshono haukuachia. Shemeji akachukua chaki, akaizunguka chasisi taratibu, akatia alama kwenye mabamba yote sita yaliyochomelewa kabla ya siku hiyo. Jirani akavaa miwani, akawasha grainda, akaanzia la nyuma ya kabini.