Kanali Anapovaa Joho Moshi

Afisa mstaafu wa Jeshi la Wananchi (JWTZ) akifungua ofisi ya uwakili mjini Moshi, watu hugawanyika mapema. Kuna wanaosema kesi za vihamba, yaani mashamba ya ukoo ya Wachaga, sasa zimepata mtu asiyechelewa wala kuyumba. Wengine wanauliza kama mtu aliyetoa amri kwa miaka thelathini ataweza kumsikiliza bibi wa Kibosho, anayeanzia kwenye harusi ya babu yake ndipo afike kwenye mpaka wa shamba. Pande zote mbili zina hoja, ila naona zinabishania nidhamu wakati tatizo liko kwingine.

Kwanza, cheo hakimfupishii mtu njia. Shahada ya sheria lazima isomwe, na kwa aliye kazini Chuo Kikuu Huria ndicho kimbilio la wengi kwa sababu hakimdai ahudhurie darasani kila siku. Baada ya hapo ni Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, Dar es Salaam. Huko kuna mchujo kweli: mwaka 2022, kati ya wanafunzi 633 waliofanya mtihani, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 wakafeli kabisa. Anayevuka huomba kupitia Baraza la Elimu ya Sheria, huapishwa na Jaji Mkuu, kisha huhuisha leseni yake kila mwaka. Asiyeanza kusoma miaka mitano au sita kabla ya kustaafu atajikuta ana mvi na bado ni wakili wa juzi, akimwinamia hakimu wa umri wa bintiye.

Tuje kwenye faida, maana zipo. Kesi nyingi za mikoani hazifi kwa kukosa haki. Zinafia kwenye karatasi. Chukua hati ya kiapo. Pale chini kabisa, kamishna wa viapo anatakiwa aonyeshe kiapo kimechukuliwa wapi na tarehe ngapi. Pakiachwa wazi, wakili wa upande wa pili huleta pingamizi la awali na ombi huweza kuondolewa mahakamani. Kulileta upya si kazi ngumu, ila muda unakuwa umeshapita, kwa hiyo unaanza na maombi ya kuongezewa muda, na humo kila siku ya kuchelewa lazima ielezwe. Rufaa kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ina siku 45. Mtu aliyezoea kukagua orodha ya silaha namba kwa namba haachi nafasi wazi kwenye fomu, na siku hizo 45 ataziandika ukutani.

Faida ya pili huwa haisemwi. Mpaka wa kihamba ni mstari wa masale, mimea ya kuwekea mipaka, au mfongo, yaani mfereji wa maji, unaohama kidogo kila baada ya masika. Masale hupandwa upya usiku, na asubuhi jirani anaapa yamekuwapo tangu enzi za Mangi, mtawala wa jadi. Afisa aliyefundishwa kusoma ardhi kwa dira na ramani ya 1:50,000 hupima, huchora, huuliza mbona shina hili ni jembamba kuliko wenzake. Ila baraza likitembelea eneo la mgogoro, mchoro wake peke yake haumsaidii. Pande zote ziwepo, yanayoonekana yaandikwe, na wakirudi barazani yasomwe mbele ya wadaawa ili mwenye pingamizi alitoe. Ziara iliyofanywa kienyeji inaweza kuivuruga hukumu kwenye rufaa.

Sasa upande wa pili. Jeshini maelekezo hushuka kutoka juu. Uwakilini yanatoka kwa mteja, na mteja mwenyewe ni mjane aliyekaa ukingoni mwa kiti, hajui kusoma, na anataka suluhu ambayo wewe unaiona ya kijinga. Akisema anamwachia shemeji robo ya shamba ili amani irudi, kazi yako ni kumweleza anachopoteza kisha kuandika anavyotaka. Hapo ndipo ninapoona wastaafu wengi wakijikwaa. Hawana ukali, wana haraka ya kuamua kwa niaba ya watu.

Kwenye mirathi hatari inazidi. Kikao cha ukoo kinampendekeza msimamizi, mtoto mkubwa analipa gharama, mjane anasaini. Mteja ni nani hapo? Aliyezoea kuongea na mwenye cheo ataongea na mtoto mkubwa. Kisha kuna mtego wa mamlaka: mahakama ya mwanzo husikiliza mirathi inayoongozwa na sheria za mila au za Kiislamu. Marehemu Mchaga aliyefunga ndoa kanisani na kuishi mjini maisha yake yote anaweza kubishaniwa vikali kama mirathi yake ni ya mahakama hiyo, na usimamizi ukabatilishwa baada ya mali kugawanywa.

Hata kuhoji kwenyewe kunabadilika. Kamanda anayesikiliza shauri la askari wake huuliza ili ajue. Kwenye maswali ya dodoso, yaani ya kumhoji shahidi wa upande wa pili, unauliza kile ambacho jibu lake unalo tayari. "Kwa nini ulihamisha mfongo?" ni swali la kamanda, shahidi atalitumia kuhutubia dakika kumi. Wakili angeuliza mambo matatu mafupi ya ndiyo au hapana, kisha angekaa.

Ushauri wangu ni miaka miwili ofisini kwa wakili mwingine kabla ya kutundika kibao chake, hata kama huyo mwingine ana miaka 32. Na kibao chenyewe kiandikwe jina na neno wakili, basi. Kanuni za maadili za 2018 zinabana matangazo, na neno Kanali mlangoni linamwambia mwanakijiji kitu ambacho ofisi haiwezi kumtimizia.

Kuna aina moja ya faili ambalo asiliguse: wanakijiji wakidai kambi ya jeshi imeingia kwenye ardhi yao. Serikali hupewa notisi ya siku 90 kabla ya kushtakiwa, na siku hizo zinawatosha wadai kutafuta wakili ambaye hajawahi kulinda lango la kambi ile.