Karatasi ya Leeds na dirisha la keshia Nairobi

Usiku wa saba baada ya kutolewa tonsili, binti yangu aliamka akaketi kitandani akimeza mate mfululizo. Sikuelewa. Tulikuwa kwa mama yangu Donholm, likizo ya Desemba. Upasuaji tuliufanyia Nairobi kwa sababu Leeds, Uingereza, tunakoishi, foleni ilikuwa ndefu na mafindofindo yalikuwa yamemharibia muhula mzima wa shule. Nikamlaza chali nikampa maji. Muda si muda akatapika mabonge meusi ya damu, kisha damu nyekundu mbichi. Ana miaka mitano.

Niliyopaswa kuyajua usiku ule nimeyajua baadaye. Tonsili zikitolewa, kidonda hufunikwa na utando mweupe, na mara nyingi utando huo hubanduka kati ya siku ya tano na ya kumi. Hapo damu inaweza kuanza upya, hata kama mtoto ameshaanza kucheza. Kumezameza usingizini ni dalili: huenda ni damu anayoimeza. Aketishwe akiinamia mbele, ateme, asile wala kunywa chochote, apelekwe hospitali hata damu ikionekana imekoma. Mtoto wa kilo 18 ana damu isiyofika lita moja na nusu mwilini mzima, kwa hiyo kikombe kimoja kwenye beseni si kitu cha kungojea asubuhi.

Karatasi niliyopewa tulipotoka hospitalini ilikuwa na orodha ya dawa, tarehe ya kurudi na risiti. Basi. Nambari ya kliniki niliipiga mara nne, ilikuwa imezimwa.

Mwaka uliotangulia, kaka yake alitolewa apendiksi kule Leeds. Siku ya kuondoka wodini muuguzi aliketi nami tukasoma ukurasa mmoja mstari kwa mstari: joto likipanda, kidonda kikitoa usaha, tumbo likiwa gumu, piga simu hapa. Siku ya tano kidonda kikavimba. Nikapiga 111, nambari ya ushauri wa afya ya Uingereza, saa nane za usiku, mtu akapokea, akaniuliza maswali bila haraka, akaniambia nimpeleke. Hospitalini tulikaa saa nyingi kwenye viti vya plastiki, sitaficha hilo, ila hakuna aliyeniuliza nina pesa ngapi.

Nilichokosa Leeds ni mtu. Mume wangu alikuwa zamu ya usiku, na huyu binti, wakati huo wa miaka minne, nilimfunga mgongoni nikatoka naye kwenye baridi kwa sababu hapakuwa na mlango wa kubisha. Nimeishi nyumba ile miaka sita. Jirani wa kulia hunipungia mkono.

Donholm mama alifungua mlango akapiga kamsa moja tu. Jirani wa mlango wa nne, dereva wa teksi, akatoka na kikoi kiunoni na funguo mkononi. Mkewe akamchukua mvulana. Muuguzi mstaafu wa ghorofa ya tatu akashuka ngazi mbio, akamwinua mtoto, akaniambia, "Mama, usimpe maji tena. Mwache ateme." Outering Road ilikuwa tupu, tukafika upesi.

Tukakutana na dirisha la keshia. Dipositi shilingi 60,000 kabla ya mtoto kuingia thieta. Kadi yangu ya benki ya Uingereza ikakataa. Mama akampigia mweka hazina wa chama chao cha akiba, na M-Pesa zikaanza kuingia: elfu tano, elfu mbili, mia tano. Hiyo mia tano ilitumwa na mlinzi wa geti. Dakika arobaini zilipita, mtoto akiendelea kutema kwenye beseni nililoshika mimi.

Wenzangu wa ughaibuni wakisikia hadithi hii husema, unaona, nyumbani kuna watu. Ni kweli, na watu wale nitawashukuru hadi naingia kaburini. Lakini sikubali wema wao utumike kufunika zile dakika arobaini. Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inasema kumnyima ni kosa. Mwaka 2015 Nairobi nzima ililia kwa ajili ya mtu aliyekaa saa 18 ndani ya ambulensi akizungushwa hospitali hadi hospitali, na tukasema haitatokea tena. Tangu Oktoba 2024 tuna SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, yenye mfuko uliotajwa kwa jina la dharura. Dirisha bado liko mbele ya daktari. Kwenye benchi lile palikuwa na mama mwingine na mtoto mchanga, simu sikioni, akirudia neno moja: "Tafadhali." Yeye chama hakuwa nacho.

Sidai Nairobi igeuke Leeds. Nadai mtoto aonwe kwanza, hesabu zije baadaye. Nadai pia ukurasa mmoja wa dalili za hatari kwa kila mzazi anayeondoka na mtoto aliyepasuliwa. Kutoa nakala ya ukurasa huo River Road ni shilingi chache mno.

Binti yangu alirudishwa thieta, mshipa ukachomwa, akalala wodini usiku mbili. Mwezi wa nne dada yangu anampeleka mwanawe kwa upasuaji uleule. Nimemwandikia ukurasa kwa mkono, na mama ameubandika nyuma ya mlango chini ya kalenda ya kanisa: usiku wa tano hadi wa kumi, asilale peke yake. Chini kuna nambari tatu, ya jirani wa teksi, ya muuguzi wa ghorofa ya tatu na ya mweka hazina. Ya nne, ya hospitali itakayopokea simu usiku, nimeiachia nafasi. Dada ameapa hatalipa chochote kabla hajapewa nambari hiyo na kuijaribu saa nane za usiku.