Ubao wa ncha moja haukuumbiwa bahari peke yake

Hapa Goma ukisema unatafuta ubao wa kaiti, ule wa kuteleza majini ukivutwa na tiara kubwa la upepo, wa kukatia kona, jibu linakuja mbio: chukua wa ncha mbili, ule unaofanana mbele na nyuma, wenye mikanda ya miguu, wa ncha moja, wenye pua mbele na mkia nyuma, uachie watu wa bahari, sisi tuko na ziwa tu. Ni kweli Kivu haina mawimbi ya kuvunjika, iko na vile viwimbi vifupi vya upepo vinavyofuatana bila kukupa nafasi ya kupumua, ila minaona njo hapo watu wanakosea hesabu.

Wa ncha mbili uko na haki yake. Unarudi ulikotoka bila kuhamisha miguu, ni mgumu, ukigonga jiwe unakwaruzika tu maisha inaendelea. Na mawe tunayo ndugu yangu, lava ya volkano Nyiragongo ya 2002 iliingia mpaka ndani ya ziwa, kuna sehemu unashuka majini unakanyaga wembe. Ule wa ncha moja ndani ni povu, juu faiba, ukitoboka povu linaanza kunywa maji, na fundi wa faiba huku utamtafuta mpaka uchoke. Hoja hiyo ni nzito, siibishi.

Lakini hewa je? Ziwa liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 13. Yaani upepo uleule wa noti 15, kaiti yako ya mita za mraba 10 inavuta kama ya 8.7 kule Mombasa. Si kidogo hiyo! Mtu ananunua ubao mwembamba wa sentimita 136 juu aliona video za Paje kule Zanzibar, akifika kwetu anazama mpaka kiuno halafu anatukana upepo wa Kivu, kumbe upepo uko, uzito wa hewa njo hauko. Basi anachukua kaiti kubwa zaidi, kaiti kubwa inazunguka polepole, na kona zenyewe alizotaka zinaharibika. Ubao wenye ujazo, njo huo wa ncha moja, tuseme lita 22 mpaka 25, haukubebi ukiwa umesimama tu, ila unaamka mapema, na kaiti ikilegea katikati ya kona hauzami palepale.

Halafu kuna magoti. Wa ncha mbili ukilala bapa juu ya maji, tumbo la ubao linapiga kila kiwimbi, pa pa pa pa, nusu saa tu goti linaanza kuongea. Wa ncha moja pua inapita juu, unaegemea mguu wa nyuma, mkia na yale mapezi matatu ya chini ya ubao yanashika maji, kona inakuja ndefu ya mviringo, haitelezi. Usichukue tu ule uliopinda sana kama ndizi, huo ni wa mawimbi makubwa, kwenye maji madogo unasukuma maji badala ya kupita juu yake. Tafuta uliokaribia kunyooka, wenye mkia mpana, futi 5 na inchi 4 hivi.

Kubadilisha miguu kutakuangusha wiki za kwanza, hilo halina dawa. Na mawe yale, mi ubao naubeba kichwani mpaka maji yafike kiunoni, wanaonicheka ufuoni wacheke, mapezi yangu bado ni matatu.