Bei ya Jogoo Kupitia Kioo

Yadini palikuwa na vani mbili ndogo tulizozimudu. Moja mlango wake wa nyuma ni mmoja, unainuliwa juu. Nyingine ina milango miwili, kushoto na kulia, kama kabati la vyombo. Mama Achieng' alitaka hiyo ya kabati, na hoja zake zilikuwa nzito: kibanda chetu cha kuku pale soko la Kibuye, Kisumu, kimebanana na ukuta, mlango wa kuinua unataka nafasi nyuma, na mzigo ukitokeza, unafungua upande mmoja tu na mwingine unabaki umefungwa.

Kaka yake akapinga. Milango miwili inakutana katikati ya kioo, ukirudi nyuma huoni kitu. Tena upepo wa ziwa ukiikuta haijatiwa ndoano, itampiga mpita njia. "Lakini huu wa kuinua, dada yangu, mvua ya saa kumi ikija tayari una paa. Unauza kuku ukiwa mkavu."

Paa ndilo lililotumaliza.

Sasa, sheria hairuhusu gari la mtumba lililopita miaka 8 kuingia nchini. Likishaingia linazeeka litakavyo, na hili letu lilikuwa limezeeka vizuri. Mlango kama ule hushikiliwa na shoki mbili zenye gesi iliyobanwa ndani. Zetu gesi ilishavuja. Ukiuinua, unakaa kidogo ukikutazama, halafu unashuka. Fundi wa Kondele akataja bei ya shoki mpya. Shemeji akaleta mwiko. Si huu wako wa jikoni; ni ule wa matanga, wa kusonga ugali kwa mikono miwili ukiwa umesimama. Ulishikilia mlango barabara, nikaanza hata kumsifu.

Jumapili Kibuye hakuna pa kukanyaga. Mama Achieng' alikuwa ameenda kutafuta chenji. Mteja akapenda jogoo mwekundu, naye jogoo yuko tenga la mwisho kabisa, kule nyuma ya viti. Nikaingia kwa magoti. Ndipo nikasikia sauti ya mama anayeuza chakula upande wa pili: "Huu mwiko ni wa nani?"

"Si umeegemezwa tu," mwingine akamjibu.

Pu!

Mlango ule kwa ndani hauna mshikio. Upande wa mbele, matenga hadi darini. Kuku wote wakapiga kelele kwa pamoja, na jogoo niliyemshika miguu akaanza kunichapa mabawa usoni. Nikampigia shemeji.

"Mvua imekunyeshea?" akauliza.

"Hapana."

"Basi mlango unafanya kazi." Akakata.

Nikajibandika kwenye kioo. Mteja alikuwa bado pale, mtu mvumilivu kweli, na pembeni yake mtoto aliyekuwa akinipungia mkono. Kishikio cha nje kimejificha juu ya namba ya gari, usipojua huwezi kukiona, nami kwa makelele yale sikuweza kusikika. Nikamwonyesha kidole chini: hapo, hapo! Akafikiri kidogo, akaninyoshea vidole vinane.

Nikatikisa kichwa. Akanyosha cha tisa.

Nikatikisa tena, kwa nguvu, jogoo naye akinisaidia. Akakunja uso, akaangalia mfukoni, akatoa cha kumi. Nikapiga kioo kwa kiganja. Hapo alishika mkono wa yule mtoto na kuanza kuhesabu vidole vyake.

Mama Achieng' akarudi na chenji. Akabonyeza kishikio, akauinua mlango, akauweka begani, akanitazama na manyoya yangu kichwani. Kisha akatazama vidole vya mtoto, akamgeukia mteja.

"Elfu moja mia mbili, na hiyo ndiyo mwisho. Baba Achieng', mpe mtu kuku wake, bega linaniuma."