Programu za afya kwenye simu: kujaribu kwa mbali si uvivu

Huku Bukavu, ukisema programu ya wajawazito itajaribiwa kwa mbali, yaani mama aijaribu kwa simu yake bila mtengenezaji kuwepo, wauguzi wanakunja uso. Aliyeitengeneza aje hapa mjini, mtaa wa Kadutu, wanasema, aketi na mama, aone anavyohangaika. Wana haki. Mwenye simu ya vitufe haonekani kabisa katika jaribio la mbali, na kwa mwenye simu janja, kutuma video ya skrini kunakula mega (data) alizonunua kwa shida.

Lakini kuketi naye kuna kasoro isiyosemwa. Mbele ya mgeni, mama anaona haya kusema hajaelewa. Muuguzi naye hajizuii: “Mama, bonyeza hapa.” Jaribio limekwisha. Tena simu mara nyingi ni ya mgeni, mpya, chaji imejaa.

Halafu kuna hesabu. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji 5 wanatosha kufichua kama asilimia 85 ya matatizo, na watengenezaji wameishikilia hiyo 5 kama amri. Hawataji sharti lake: kila mtumiaji awe anagundua, kwa wastani, asilimia 31 ya matatizo yote. Chukua tatizo linalompata mmoja kati ya kumi, tuseme simu ya nyumba nzima, ambapo shemeji ndiye anayesoma ukumbusho wa kliniki kwanza. Kwa watu 5, uwezekano wa kukutana nalo hata mara moja ni asilimia 41. Kwa watu 20, ni 88. Nani atawatembelea wote 20, Kadutu, Bagira, na Goma ambako uwanja wa ndege ulifungwa Januari 2025? Kwa mbali inawezekana: mama anafanya kazi tatu fupi kwa simu yake, umeme ukirudi, kisha anaeleza alipokwama kwa sauti ya WhatsApp, kwa Kiswahili chake, hata kama programu ni ya Kifaransa.

Hivyo ndivyo unavyoweza kusikia kwamba penye tarehe ya hedhi ya mwisho aliacha ya leo, kwa kuwa ilikuwa imeshajazwa, na programu ikaanza kuhesabu mimba upya. Muuguzi angeirekebisha palepale, asiandike popote.

Suala la siri silipuuzi. Kurekodi skrini kunanasa hata ujumbe wa mume, kwa hiyo isirekodiwe. Na sauti mama aifute, maana shemeji anaishika simu hiyohiyo. Mega zilipwe kabla ya jaribio. Nauli iliyookolewa iwafuate wenye simu za vitufe.